Kidole Gumba cha Nduwayo na Sungura wa Ndera

Sogeeni, watu wa Kicukiro na wa Masoro, zimeni simu, tueni Fanta chini, maana nawaletea habari ya Nduwayo mwana wa Bujumbura, mwalimu wa chuo, simba wa chaki, mwenye suti ya kuazima, na ya kidole gumba chake cha kulia, kilichopigana vita peke yake mbele ya koo mbili siku ya gusaba kule Ndera, siku ya kumposa Umutoni.

Vita ilianzaje? Jarida moja la mifugo lilimtumia makala aikague, aseme inafaa kuchapishwa au haifai. Jina la mwandishi lilifichwa, ndivyo majarida yanavyofanya, ili mkaguzi asipendelee mtu. Lakini Nduwayo kufungua picha ya kwanza tu, akaona sungura mwenye sikio lililokatika, amekaa ndani ya beseni la buluu. Beseni lile alilijua. Sungura yule alimjua, maana yeye mwenyewe ndiye alimpeleka Ndera kama zawadi, siku ya kwanza kwenda kwa kina Umutoni. Basi mwandishi alikuwa Achille, kaka wa Umutoni, mfuga sungura wa nyumba ile, na wale “sungura sitini waliolishwa maganda ya viazi” walikuwa wanne tu bandani, tena kwa kumhesabu na mmoja mgonjwa.

Sheria iko wazi: ukimjua mwenye makala, mwambie mhariri, ujitoe. Kitufe chenyewe kiko pale kwenye simu, kidogo kama punje ya mtama, kimeandikwa Najitoa. Nduwayo, simba wa chaki, alikiogopa wiki nzima. Tena alifanya ujinga, akamuuliza Umutoni kama sungura wa kwao wameongezeka. Umutoni akamuuliza kaka yake, na kaka mtu akaelewa makala yake iko mikononi mwa nani.

Ikafika siku. Majeshi mawili yakakaa chini ya turubai, yanatazamana. Kwa bwana harusi msemaji ni mzee Bigirimana, ulimi wa asali. Kwa binti ni mzee Libère, ngome isiyobomoka. Na mnajua desturi: bwana harusi anasemewa, yeye anakaa kimya kama mtungi, na msemaji wake akiombwa kitu anajibu kitapatikana.

Libère akasimama, akaegemea fimbo. “Enyi wageni, tumeona ng'ombe zenu, tumeonja bia yenu ya ndizi, hatuna neno. Lakini mtoto wetu Achille ameandika kitabu cha sungura, na nasikia hicho kitabu iko kwa kijana wenu, amekikalia. Binti hatoki ndani mpaka kitabu kipite.”

“Kitabu tu?” akajibu Bigirimana, ambaye jarida hajawahi kuliona. “Kitapita, mzee wangu. Kitapita leo, kimevaa koti na tai.”

Makofi yakanguruma. Achille akamwinamia Nduwayo sikioni. “Muramu, shemeji yangu, bonyeza Inafaa, dada atoke. Watu wana njaa.”

“Achille, sungura ni wanne.”

“Walikuwa wanne,” Achille akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Na hapo, katikati ya majeshi, ikapita sinia ya mishikaki: utafiti wenyewe, umepakwa pilipili. Makala ilisema wanyama bado wanafuatiliwa, na kweli walikuwa wanafuatiliwa, shangazi mmoja wa Masoro akiwa mbele. Nduwayo akatazama pazia ambalo Umutoni alikuwa nyuma yake. Akawaza pia juu ya mtu fulani huko kijijini, atakayesoma, aamini, alishe sungura wake maganda mpaka wafe.

Akasimama. Bwana harusi, kwenye gusaba, kasimama mwenyewe. Bibi mmoja akadondosha mrija.

“Mzee Libère, mlinzi wa lango la Ndera,” akasema, “siwezi kukipitisha, na siwezi kukikataa. Nikisema kizuri, nimelipia mke. Nikisema kibaya, mtasema nawachukia. Akikague mtu asiyekula kwenu.”

Kidole gumba kikashuka kama radi juu ya Najitoa. Mtandao ukakwama. Shujaa akapanda juu ya kreti ya Fanta, simu juu kama mkuki, kiduara kikizunguka, koo mbili zimekodoa macho, mpaka kiduara kikatulia: Asante, tumepokea.

“Mtoto, umeniua,” Bigirimana akanong'ona.

Libère akanyoosha fimbo kuelekea ng'ombe. “Hizi ng'ombe mlizoleta,” akasema, “nani alizikagua?”

“Watu wenu, mzee,” akajibu Bigirimana.

“Kwa nini si nyinyi?”

“Sisi ndio wenyewe. Hata kilema tungesema inaruka.”

“Basi kijana iko sawa.” Akamgeukia Achille. “Na wewe, kitabu kinasema sungura wangapi?”

“Sitini,” Achille akasema, akitazama viatu vyake.

Mzee akatazama sinia. “Wengine tutakula lini?”

Turubai lote likaangua kicheko. Umutoni akatoka ndani kabla hajaitwa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kreti. “Shuka,” akamwambia, “utachana suti ya watu.”

Akashuka. Basi andikeni, enyi wa vizazi vijavyo, na mjenge sanamu ya kidole: kwamba siku hiyo makala moja ilikwenda kwa mkaguzi mwingine, Nduwayo akapewa mke, akaletewa mshikaki wa mwisho kwa heshima ya ushindi, naye akaurudisha kwenye sinia. Alijitoa. Sungura yule alimjua.