Historia ya Jumba la Wasichana, Pamoja na Mabati Yake

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Jina hilo alipewa na wauza magazeti kwa sababu ya miwani yake, ambayo vioo vyake havikuwa na tofauti na vya dirisha, na kwa sababu akianza kusema hata mwenye haraka hukaa kitako.

Asubuhi moja alipita mbele ya makao makuu ya mkoa ya chama cha wasichana, akaona vitu viwili. Mlangoni palibandikwa tangazo la halmashauri: paa litengenezwe kabla ya mvua, la sivyo jengo lifungwe. Na ukutani palikuwa na kibao cha jiwe chenye majina ya wasichana waliolijenga, nusu yake yamefutika. Mtu mwingine angesikitika. Profesa alisikia njaa.

Ndani alimkuta Bibi Katibu, mwanamke wa miaka sabini na ushei, sare yake imepigwa pasi kiasi cha kuweza kusimama peke yake. Alikuwa akihamisha majalada kutoka upande unaovuja, akiruka ndoo tatu zilizotegwa sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akamnyooshea mkono wa kushoto.

Profesa akacheka kwa upole, akauacha huo, akaufuata wa kulia na kuutikisa. "Wa kulia, mama yangu. Uzee huo!"

Akajieleza. Yeye ni mwandishi wa historia, anaandika kitabu cha jengo hili. Tena marehemu mama yake mzazi alilelewa humu humu. "Mambo ya chama alinifundisha yote, mama. Yote!" Marehemu huyo, kwa taarifa tu, alikuwa mzima wa afya mtaa wa pili, na hakuwahi kukanyaga pale hata kuomba maji.

"Yote," alirudia Bibi Katibu, akamtazama kidogo. "Basi umefika kwenu. Majalada hayo hapo, soma."

Profesa alifunua mawili, akapiga chafya, akaona historia inatosha. Jioni alikuwa ofisini kwa Bosi Saruji, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mtu aliyekuwa na kila kitu isipokuwa ukoo wa kujivunia.

"Nimekuta jina la marehemu mama yako," alisema Profesa. "Ndiye aliyeweka jiwe la msingi."

Kijiko cha chai kikasimama. Mama yake Bosi hakuwahi kuishi mji ule. "Una uhakika?"

"Limefifia kidogo. Paa jipya lingelifanya lisomeke."

"Mabati mangapi?"

"Themanini. Na misumari yake."

Bosi alitazama dari, macho yakimlengalenga. "Mama alipenda sana kujitolea," alisema. Mtu mwenye hamu ya kudanganywa hukusaidia kazi, unabaki kumshikia leso tu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumamosi asubuhi mabati yangeshushwa makao makuu, Bosi ayaone kwa macho yake, arudi dukani. Saa nane Profesa angekuja na lori la kukodi na barua yenye mihuri mitatu, kwamba mabati yanakwenda kupimwa ubora. Yangekwenda kupimwa mji wa jirani, kwa mnunuzi aliyekwisha kupatikana.

"Yatakuwa salama hapa, mama?" aliuliza Profesa, alipopita kumpa habari ya mabati.

"Humu hakijawahi kupotea kitu," alijibu Bibi Katibu. "Wewe yaache tu."

Jumamosi, saa nane kamili, lori likakata kona. Profesa alisikia nyundo kabla hajaona kitu. Juu ya paa walijaa wanawake waliowahi kuwa wasichana wa jengo lile: mafundi seremala, wauguzi, walimu, na askari polisi mmoja mwenye sare kamili, ameuma misumari. Chini, wasichana wa sasa walipokezana mabati. Lililokuwa linapanda lilikuwa la sabini na tisa.

"Mama!" Profesa alipunga barua. "Mabati yanatakiwa kupimwa!"

"Tumeyapima," alijibu Bibi Katibu. "Yanatosha."

"Kaka, tunapakia nini hapa?" aliuliza dereva wa lori.

Profesa hakuwahi kujibu, maana gari la Bosi Saruji lilikuwa linaegeshwa, na mpiga picha ndani yake. Askari akatema misumari kiganjani. "Wewe mwenye miwani! Umesimama tu? Shika hiyo ngazi!"

Akaishika mpaka jioni, hata koti lilimloa jasho.

Kazi ilipokwisha, Bosi aliulizia jina la mama yake. "Tumepekua majalada yote," alisema Bibi Katibu, "hayumo." Bosi akamgeukia Profesa kwa jicho baya sana. "Ila wewe umo, baba," Bibi Katibu alimwambia Bosi. "Mtoa mabati themanini, kwa jina lako mwenyewe." Bosi hakuwahi kuandikwa popote kwa jambo alilolifanya kweli. Halafu akaomba herufi ziwe kubwa.

Walipobaki wawili, Profesa aliuliza, "Ulinijua lini?"

"Siku ile ile. Humu tunasalimiana kwa mkono wa kushoto, tangu jiwe la kwanza. Mtoto wa mwenzetu angelijua hilo kabla ya kujua kutambaa." Akafungua kitabu cha kumbukumbu za chama, akamsomea: "Alikuwepo pia mwanamume mmoja mwenye miwani. Alishika ngazi."

"Na jina langu?"

"Ulilonipa, au la kweli?"

Profesa akavua miwani yake. Bibi Katibu akanyoosha mkono wa kushoto, naye akautoa wake wa kushoto.

Nje, dereva wa lori alipiga honi, akitaka malipo ya siku nzima. Profesa akatafuta mlango wa nyuma. Haupo. Wasichana waliolijenga jengo walijenga mlango mmoja tu, asipatikane wa kutoroka zamu ya usafi. Hilo limeandikwa wazi kwenye jalada la tatu, ambalo mwandishi wa historia hakulifungua.