Mizani Isiyolala

Jumatatu, 4 Machi

Meneja ametangaza leo. Kitengo chetu cha programu kitapata mkuu wake wa kwanza. Tunaofikiriwa ni wawili: mimi na Nukta. (Jina la utani la binti ninayefanya naye kazi. Humaliza kila anachoanza, hata sentensi za wenzake.)

Mtihani wenyewe ni mizani yetu mpya ya kupimia watoto wachanga. Inakwenda kliniki keshokutwa na inatakiwa kufanya kazi siku tano bila kuchajiwa, kwa sababu huko umeme unakuja ukipenda. Mwishoni mizani itatoa ripoti: kila kifaa kilichomo ndani yake kimekaa macho kwa muda gani, na jina la aliyekiandikia programu. Mwenye vifaa vinavyolala vizuri ndiye mkuu.

Mimi kazi yangu ni kulaza vitu. Naandika kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoamua kipi kiamke na kipi kilale ili betri isiishe. Kihisi cha uzito ni changu. Njia nayo ni yangu, yaani saketi ambayo kihisi na skrini vyote vinapitia. Skrini yenyewe na redio ni vya Nukta.

Mkuu atapewa meza ya dirishani. Nimeipima kwa rula wenzangu walipokwenda kula. Vyungu viwili vya maua vitaenea.

Tatizo dogo. Mke wangu nilishamwambia wiki iliyopita kwamba cheo nimekipata. Yeye akamwambia mama yake. Na mama yake ndiye muuguzi mkuu wa kliniki hiyo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata wazo saa tatu asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya maji ya moto.

Kanuni ya kiini chetu ni rahisi. Kila kifaa kina hesabu yake. Anayekihitaji anaongeza moja, akimaliza anapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, hakuna anayekihitaji, kifaa kinalala. Basi. Mtu akiongeza moja halafu asipunguze kamwe? Kifaa hakitalala. Kitakaa macho kikinywa betri kimyakimya, na ripoti itaandika jina la mwenyewe.

Mstari mmoja tu. Mizani ikiwashwa, ongeza moja kwenye hesabu ya skrini. Taa ya skrini itazimika kama kawaida, hivyo kwa macho hakuna atakayejua. Lakini ndani, macho makavu!

Nikauficha mstari huo katikati ya mistari mia tatu ya kupanga upya nafasi kati ya maneno, isiyobadilisha kitu. Kisheria lazima mwenzangu asome na kutia saini, lakini Nukta leo amempeleka baba yake kwa daktari wa macho. Nikampelekea Meneja. Akaniuliza ni mstari upi muhimu zaidi. Nikamwambia yote ina umuhimu wake. Akasaini, akaniuliza kama najua anayeuza zulia zuri.

Sioni ubaya. Nimepiga mahesabu: skrini peke yake ikikesha, betri bado itafika siku ya tano, ikikokota miguu. Hakuna atakayeumia ila Nukta, naye ni kijana, atapoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipeleka mizani mwenyewe. Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa akina mama na watoto wao, mabenchi yote yamekwisha, wengine wameketi kwenye ngazi. Nikamwamkia mama mkwe kwa adabu zote. Akaitika, akawageukia waliokuwepo akawaambia kwamba huyu ndiye mkwe wake aliyepandishwa cheo. Wakanipigia makofi. Mtoto mmoja akalia.

Akanipeleka pembeni. Akaniuliza kama mizani itafika kweli Jumatatu jioni, maana kliniki hufunguliwa hadi Jumamosi na hupumzika Jumapili tu. Nikamwambia itafika. Akanieleza kwa nini anauliza. Ile ya zamani ilizimika katikati ya kazi mwaka jana. Akina mama waliotembea saa mbili wakarudi bila kupimwa. Mmoja wao mtoto wake alikuwa anapungua, na hilo likajulikana mwezi uliofuata, amebaki ngozi na mifupa.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, mwanangu," akasema. "Wengine siwajui."

Nikamwambia tena itafika, nikaipangusa mizani kwa leso ingawa ilikuwa mpya.

Jumapili tunakwenda kula kwake. Ni kwa ajili ya cheo changu.

Alhamisi, 7 Machi

Kila siku saa sita mchana redio ya mizani hututumia hali ya betri. Nilitarajia asilimia themanini na kitu. Imekuja sitini na nne.

Nikadhani redio imekosea. Nukta, ambaye amerudi, akanichungulia begani akaniuliza kwa upole kama kuna lolote. Nikamwambia mambo ni shwari. Akasema nambari hiyo si ya shwari. Akarudi kwenye kiti chake.

Nilikwenda nyumbani kula. Mtoto wetu wa miaka miwili alikuwa amegoma kulala. Mke wangu amekaa kitandani naye, macho mekundu, kanga begani, hajagusa chakula. Nikamshauri alale kidogo amwache mtoto acheze. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni, akaniuliza tangu lini mzazi akalala na mtoto yuko macho.

Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nikakiacha humo humo.

Njia! Skrini ni mtoto wa Njia. Skrini ikiwa macho, Njia hailali, na Njia inakula betri mara tatu ya skrini. Nilikimbia ofisini kuhakikisha. Ndivyo ilivyo. Kanuni hiyo imeandikwa waziwazi ndani ya kiini, na maelezo yake ya mistari sita, tena yenye fahari: "Njia haitalala maadamu mtoto wake hata mmoja yu macho." Chini yake kuna jina la mwandishi. Jina ni langu.

Kwa hiyo katika ripoti tutakuwa wawili wenye vifaa visivyolala. Na changu kibaya kuliko chake.

Ijumaa, 8 Machi

Betri: thelathini na moja. Kwa mwendo huu itakata roho kesho kabla ya saa sita.

Nikaandaa marekebisho ya kuuondoa ule mstari, niyatume kwa redio. Yakagoma. Nikatuma tena. Yakagoma. Sababu ikajitokeza kwenye kioo kwa herufi nzuri za kijani: mizani hupokea marekebisho ikiwa imelala tu, ili isije ikavurugika mikononi mwa muuguzi.

Haijalala tangu Jumatano.

Kanuni hiyo ni ya Nukta. Niliipinga kikaoni kwa muda wa saa nzima kisha nikaidai kuwa ni yangu.

Ilibaki njia moja, kwenda na waya. Nikamwambia Meneja nakwenda kumjulia hali mama mkwe. Akaguswa sana, akaniambia vijana wa siku hizi hawana moyo huo.

Kwenye basi nikafikiri zaidi. Nikiufuta mstari, kumbukumbu zitaonyesha nani aliuweka na nani kaufuta. Mtu mwerevu hafuti, anasawazisha. Nikaandika mstari wa pili: mara uzito unapopatikana, punguza moja kwenye hesabu ya skrini. Niliongeza moja, napunguza moja. Sifuri. Skrini inalala, Njia inalala, dunia inalala.

Nikauingiza kwa waya mama mkwe akiwa dirishani anagawa kadi za kesho, upimaji wa siku umekwisha. Nikaujaribu kwa kupima mkoba wangu: kilo tatu na gramu mia mbili. Uzito ukasimama vizuri kwenye skrini, kisha baada ya muda wake skrini ikalala. Na Njia ikalala. Betri ishirini na nane, inatosha siku mbili za kazi zilizobaki, Jumamosi na Jumatatu, maana Jumapili italala tu.

Jaribio moja linatosha kwa mtu anayejua kazi yake. Nikarudi nikipiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi

Kinyozi. Nataka kesho nionekane mkuu.

Simu ya kwanza saa mbili na nusu. Mama mkwe. Akasema mizani inaonyesha uzito na kuzimika hapohapo, kabla hajausoma. Mtoto amewekwa juu mara nne. Nikamshauri abonyeze kitufe kwa nguvu zaidi. Akasema amekuwa muuguzi miaka thelathini na moja na kitufe anajua kukibonyeza.

Simu ya pili sikuipokea. Nilikuwa napiga hesabu mgongoni mwa gazeti la kinyozi. Niliongeza moja siku mizani ilipowashwa, mara moja tu. Lakini napunguza kila mtoto anapopimwa. Mkoba wangu ndio ulioimaliza ile ya ziada. Kuanzia mtoto wa kwanza wa leo nimekuwa nikipunguza ile iliyoongezwa na skrini yenyewe, sekunde ileile namba zinapotokea. Skrini inadhani hakuna anayeihitaji. Inalala usoni mwa mama mkwe.

Simu ya tatu niliilaza kifudifudi kwenye meza ya kinyozi. Akaniuliza kama ni mdai. Nikamwambia ni mama mkwe. Akasema pole.

Kliniki hufungwa saa saba Jumamosi. Nikajiambia ikifika saa saba tatizo litakuwa limekwisha. Ilipofika saa nne simu zilikoma. Huenda imejirekebisha. Vifaa hufanya hivyo wakati mwingine.

Jumapili, 10 Machi

Chakula kilikuwa kingi. Mashemeji wote walikuja. Mjomba wa mke wangu akasimama akanena maneno mazuri juu ya uongozi, akaniita taa ya familia. Mama mkwe alitabasamu muda wote. Hilo lingetosha kunishtua, maana simjui kwa kutabasamu.

Tulipokwenda kunawa, akaja na birika la maji. Akanimiminia taratibu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na taulo.

Akanieleza kwamba jana, simu yangu iliposhindikana, aliipindua mizani akakuta chini yake namba ya pili. Akapiga. Akaja binti mmoja wa miwani, mpole, akakaa sakafuni na kompyuta mapajani, na nusu saa baadaye ikafanya kazi. Akina mama walikuwa bado wapo. Aliwakataza kuondoka. Wakapimwa wote. Mmoja mtoto wake alikuwa amepungua kilo nzima, akapelekwa hospitali kubwa mchana uleule.

"Binti akaniambia kuna mtu aliongeza mara moja, akapunguza kwa kila mtoto," akasema mama mkwe. "Jina hakulitaja. Nikamwuliza kama mtu huyo anakula kwangu kesho. Akainama tu, akafunga mkoba wake."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye viatu vyangu. Mke wangu akaniuliza kama cheo kipo. Nikasema kipo, ila bado hakijawa changu. Akanipa taulo, akarudi ndani.

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilimfikiria yule mtoto njia nzima. Sijui hata kama ni wa kike au wa kiume.

Jumatatu, 11 Machi

Nukta alinisubiri mlangoni. Akasema amekuta mistari miwili, ameiondoa yote miwili, na kumbukumbu zinaonyesha ilikotoka. Hatasema lolote kwa Meneja kabla ya saa kumi. Baada ya hapo atasema.

Nikaingia kwa Meneja saa tisa na dakika hamsini, naye Nukta nyuma yangu. Nikamweleza kwamba kulikuwa na jaribio la uimara. Kwamba ilinilazimu kupima mfumo katika hali ngumu. Kwamba nilikuwa nimekusudia, kwa nia njema kabisa, ku…

"Kumharibia mwenzangu," akamalizia Nukta.

Meneja akavua miwani. Akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Akaniuliza pia ni mstari upi alioutia saini yeye. Nilipomwonyesha akaigusa saini yake kwa kidole, na nadhani saini hiyo ndiyo iliyoniokoa nisifukuzwe.

Mizani ilizimika saa kumi na moja na nusu jioni. Kliniki ilikuwa imeshafungwa. Mama mkwe amemtumia Nukta ujumbe wa shukrani. Mimi hajanitumia.

Jumanne, 12 Machi

Nukta ndiye mkuu. Kanuni yake ya kwanza: kila anayeongeza lazima aonyeshe anapopunguzia, na Meneja hasaini tena. Ameletewa chungu cha maua. Kimoja, tena kidogo. Meza inaonekana tupu.

Mke wangu hakunigombeza. Aliniambia niwapigie simu waliokula Jumapili, mmoja mmoja, niwaeleze. Nimeshampigia mjomba. Amesema bado mimi ni taa, ila ya kibatari.

Nimejifunza mengi wiki hii. La kwanza: nilikosea kutumia programu. Programu inaacha kumbukumbu, inataka saini, ina wazazi na watoto. Mambo ya kienyeji ni bora.

Alhamisi wanakuja wateja. Nukta ataonyesha mizani kwenye kompyuta yake ya mezani dirishani, nami nitaonyesha programu ya kengele mpya ya kuitia wauguzi kwenye yangu, wakati uleule, wateja wakizunguka. Nimehamishiwa kona ya stoo. Kona haikuwa na umeme, hivyo fundi ameuvuta kutoka kwenye soketi ya dirishani, waya ukapita chini ya zulia hadi kwangu. Kazi safi, nilimsaidia kushika zulia. Ndipo nilipoiona: swichi ya soketi hiyo iko chini ya meza ya Nukta, mahali ambapo mtu anayeokota kalamu anaweza kuifikia kwa rula.

Swichi moja. Tiki. Kompyuta yake inazimika mbele ya wateja, na kila mtu anageuka kutazama kona ya stoo, ambako mimi nimekaa na kengele yangu.

Mke wangu safari hii sijamwambia kwamba nimekuwa mkuu. Nimemwambia tu asubiri hadi Alhamisi.