Malalamiko Dhidi ya Roshani ya Meli, Kiti Cheupe na Ziwa Lenyewe

Ngonga, Kyela
Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi

Kwa Bi Sabrina Mudathiri,
Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi ya Usalama wa Watoto Melini,
Bondeni, Kyela.

Mwanangu Mwenyekiti,

Pokea salamu za mzee aliyelala. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Ndivyo hali ilivyo. Juzi daktari alinisikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwita mwanangu Ambwene wakazungumze nje. Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo najua maana ya watu kuitana nje. Basi kabla sijaondoka, naomba nilalamike vizuri, kwa maandishi, kama nilivyofundishwa.

Barua ya Kamati imenifikia, nami nimeielewa hivi. Mwezi uliopita, katika ile meli ya matembezi inayopita Matema kwenda Mbamba Bay, mjukuu wangu Tulinagwe, mwenye umri wa miaka minne, alipanda kiti kilichokuwa kwenye roshani ya vyumba vyetu, akavuka ukingo, akaning'inia juu ya maji. Baharia Lameck, aliyekuwa akipaka rangi roshani ya jirani, aliruka akamshika gauni, kisha mguu, akamrudisha ndani. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Jumamosi hii Kamati itakutana na wenye meli, na jambo la kwanza ni kutaka Lameck afukuzwe kazi, kwa kuwa kiti kile alikiacha yeye. Nimeombwa nije, au nikishindwa, nitie sahihi maelezo niliyokwisha kuyatoa: kwamba nilikuwa nimelala chumbani, sikuona kitu, na kwamba kiti kililetwa na baharia.

Nimeyasoma maelezo yangu mara mbili. Kiswahili chake ni kizuri. Hata hivyo naona Kamati imekuwa na huruma kupita kiasi. Mmemkamata mkosaji mmoja tu, tena mwenye watoto watatu na kazi moja, mkawaacha wakosaji wengine wanatembea huru. Naomba niwaongezee orodha.

1. Ukingo. Ukingo wa roshani ile unanifika kifuani, na mimi si mfupi. Vyuma vyake vimesimama wima, vimekaribiana kiasi kwamba kichwa cha paka hakipiti. Hapo ndipo kosa lilipo. Ukingo mzuri namna hiyo humfanya mzazi aamini kwamba chuma kinaweza kulea. Nilimsikia mama mmoja wa Kamati akisema kwenye kikao cha kwanza, "Jamani, sisi tulikwenda kupumzika, hatukwenda kumchungulia mtoto!" Wenzake wakampigia makofi. Napendekeza ukingo upandishwe hadi darini, kisha uzibwe kwa mabati. Abiria atakayetaka kuliona ziwa aonyeshwe picha.

2. Kiti. Ni cha plastiki, cheupe, chenye miguu minne. Hakikutoa onyo lolote. Kamati imeuliza mara nne ni nani aliyekileta, na haijauliza hata mara moja kililetwa kwa ajili ya nani. Nakubaliana na utaratibu huo. Viti hupenda tu kufuatana na mabaharia, na wakiwa hawapo hukaliwa na upepo.

3. Rangi. Gauni la Tulinagwe limeharibika. Lina alama ya kiganja kizima na vidole vinne, rangi ya kijani, mgongoni. Katibu wenu, kijana Jackson, ameliandika jambo hili chini ya kichwa cha "Uharibifu wa Mali," na amepiga mstari. Naunga mkono. Baharia mwenye malezi angenawa kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, akajifuta kwa kitambaa kikavu, ndipo amshike mtoto, kama mtoto angekuwa bado yupo.

4. Kuacha eneo la kazi. Asubuhi ile Lameck alipangiwa upande wa kulia wa meli. Alikuwa upande wa kushoto kwa sababu upande wa kulia alikwisha kuumaliza. Ndugu zangu, hili ni kosa la wazi kabisa, na sielewi kwa nini limewekwa katika ukurasa wa tatu. Angefanya kazi polepole kama wenzake, angekuwa mbali, na sisi tungepata msiba wa kawaida, wenye maturubai na wali na nyimbo za kwaya, ambao kila mtu wa Kyela anajua namna ya kuuhudhuria. Badala yake ametuachia mtoto mzima mwenye afya, na sasa tunahangaika hatujui tumlaumu nani.

5. Kungu. Wewe, Mwenyekiti, umezaliwa Bondeni lakini wazee wako walitoka pwani na ni watu wa duka, huenda hujawahi kuwatazama kwa makini. Kungu ni vijidudu vya ziwani. Huinuka kutoka majini kwa mamilioni, na ukiwa mbali unadhani ziwa linawaka moto chini kwa chini na moshi unapanda. Tulinagwe aliuona moshi ule akauliza, "Babu, nani anapika kule katikati?" Swali zuri, ningekuwa bado kazini ningempa alama zote. Kama si kungu, asingetaka kuona zaidi. Waitwe wote Jumamosi. Na iitwe pia milima ya Livingstone, inayosimama upande ule bila kibali, ikivuta macho ya watoto wa watu.

6. Ziwa. Nimeipekua barua ya Kamati kurasa zote sita sijaona mahali ziwa limelaumiwa. Hata hivyo, mashahidi wote wanakubaliana kwamba chini ya roshani kulikuwa na maji, tena mengi. Napendekeza yaondolewe. Najua kuna mabishano ya miaka mingi juu ya mpaka unapita wapi, na huu ndio wakati wa kuonyesha ukarimu: tuwape majirani zetu wa ng'ambo maji yote mpaka tone la mwisho, sisi tubaki na meli na roshani yake juu ya mchanga mkavu. Mtoto akianguka ataangukia usipa, dagaa wetu, walioanikwa. Atanuka, lakini atakuwa salama.

7. Watoto wenyewe. Hapa naomba nisikilizwe kwa utulivu. Mtoto wa Bujonde huparamia mkakao kabla hajaota meno ya pili. Wakati wa masika huvuka mto maji yakiwa kifuani, madaftari ameyafunga kichwani kwa kitenge cha mama yake. Hupanda bodaboda watatu pamoja na mkungu wa ndizi, na wa mwisho ndiye anayeushikilia mkungu. Kwa mambo hayo yote hatujaunda kamati hata moja, kwa sababu hayana roshani. Siku ya kikao cha kwanza nilikaa barazani, karibu na dirisha, kwa sababu ambazo hakuna aliyeniuliza. Niliona vizuri. Bi Prisca alikuwa anawasomea hatari kumi na moja za roshani, na alipofika ya nane, mwanawe alikuwa amekwisha kupanda magunia ya mchele ya duka lako hadi karibu na feni. Bi Prisca akasema bila kugeuza kichwa, "Shuka wewe! Huoni tunazungumza usalama?" Kisha akaendelea na hatari ya tisa. Kwa hiyo napendekeza watoto wapigwe marufuku mpaka watakapokuwa watu wazima.

8. Macho ya Lameck. Nimeliweka kosa hili mwisho kwa uzito wake. Asubuhi ile kulikuwa na watu zaidi ya thelathini katika meli. Kati yao wote, wenye ndugu, wenye shahada, wenye simu za kupigia picha, ni yeye peke yake aliyekuwa anatazama. Jambo hili limewaaibisha abiria na haliwezi kuvumiliwa katika meli ya starehe. Mkimwacha leo, kesho mabaharia wengine nao wataanza kutazama.

Kwa heshima hiyo basi, naiomba Kamati imfukuze Lameck baada tu ya kuufukuza ukingo, kiti, rangi, ratiba, kungu, milima, ziwa na watoto, kwa mpangilio huo, bila kumruka yeyote. Nina hakika zamu yake haitachelewa.

Nisalimie mumeo Mzee Mikidadi, na umwambie ile dawa ya kikohozi ilinisaidia. Nisalimie Katibu Jackson na kalamu yake nyekundu. Nisalimie Bi Prisca, na mwanawe, kama ameshashuka. Nisalimie wanakamati wote, wanaopenda watoto na wanaopenda vikao. Sisi hapa Ngonga hatujambo, isipokuwa mimi.

Ndaga fijo kwa kunisoma.

Wenu mtiifu kwa muda mfupi uliosalia,

Anyisile Mwaijande
Mkaguzi wa Shule (mstaafu)

Baada ya kutia sahihi:

Nimeirudia barua hii tangu mwanzo. Nimecheka mahali pawili, nikajua nimeiandika ndefu ili nisifike hapa. Tafadhali msiisome kikaoni. Someni haya yanayofuata.

Ukingo hauna kosa. Kiti hakina kosa. Mimi sikuwa nimelala.

Kiti nilikiomba mimi. Lameck aliniona nimesimama, miguu inatetemeka, akakileta mbio akisema, "Kaa, baba, ziwa halikimbii." Halafu akarudi kwenye rangi yake. Aliyempandisha Tulinagwe juu ya kiti ni mimi, ili awaone kungu. Nilikuwa nimemshika kiuno kwa mikono miwili. Kisha mlango ukafunguliwa, akatokea Felista, mke wa Ambwene, mama wa mtoto.

Hapa lazima nikueleze, Mwenyekiti, maana kwenu jambo hili halipo. Kwetu sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanangu na mimi hatuonani. Akinisikia njiani huingia migombani mpaka nipite. Mimi nikimwona nageuza uso. Si chuki, ni heshima, na vijana wengi wameshaiacha. Ambwene aliniomba niiache tangu alipooa, miaka tisa sasa. Nilimjibu kwamba nimeshaacha mambo mengi ya baba zangu kwa ajili ya shule, hili moja nitakufa nalo. Ndiyo maana melini alitupangia zamu ya roshani: asubuhi yangu, alasiri ya mkewe. Asubuhi ile Felista alisahau zamu, au jua lilimtia wasiwasi. Alikuja kumletea mtoto kofia.

Nilipomwona nilimwachia mtoto, nikageukia ukuta, nikajifunika uso kwa gazeti. Felista naye, alipouona mgongo wangu, alirudi ndani upesi akafunga mlango. Mimi nilijua mama amemchukua mtoto wake. Yeye alijua mtoto yuko na babu yake. Nilisimama pale nikiutazama ukuta kwa heshima kubwa sana, mpaka niliposikia Lameck anapiga kelele. Maisha yangu yote kazini niliwaandikia walimu katika ripoti zangu: usimpe mtoto kisogo.

Sasa kikao. Ulimwuliza Felista mbele ya watu, "Dada, mtoto alikuwa na nani?" Akainama, akanyamaza. Ukamwuliza tena, akanyamaza. Jackson akaandika, "Hakukuwa na mtu." Haikuwa hivyo. Mwanamke aliyelelewa kwetu hamtaji baba mkwe wake kwa jina, sembuse kumshitaki hadharani. Alikuwa ananilinda kwa kimya, nami nilikuwa barazani, dirishani, nakisikia kimya chake chote. Ningeweza kukohoa tu. Badala yake, mlipotoka kuniuliza, niliwaambia nilikuwa nimelala. Siku hiyo Lameck alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, akaniamkia. Hakunibishia. Nadhani alifikiri mzee amesahau.

Sikusahau. Niliona aibu kwamba mtoto alitaka kufa kwa sababu ya adabu yangu, nikaona ni nafuu afukuzwe kijana wa watu. Nimelibeba jambo hili wiki tatu na sitaki kuzikwa nalo, maana kaburini hakuna Kamati ya kulipangia ajenda.

Kwa hiyo yafuteni maelezo yangu yale. Lameck aachwe kazini na aombwe radhi, na wa kwanza kuomba niwe mimi. Jumamosi nitaletwa, hata kwa machela. Nitaingia ndani, sitakaa barazani. Mwulizeni Felista tena swali lilelile, mimi nikiwa mbele yake, na sitageuza uso.

Nimemtuma Ambwene sasa hivi amwambie mkewe kwamba ruhusa ya kunitaja nimeitoa. Jikoni na hapa ni hatua kumi, lakini alikaa huko mpaka chai yangu ya pili ikapoa. Amerudi na jibu, nami naliandika kama lilivyo: "Mwambie baba aseme yeye kwanza. Mimi nitamalizia."

Nimeona ni haki. Nimesema.