Chui wa Nyuma ya Soko

Mjini kila kitu kina bei, ila hakuna aliyewahi kufikiria kuuza vichaka vilivyoota kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa nyuma ya soko. Aliyefikiria ni Darubini. Jina hilo walimpachika kwa sababu ya darubini iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa, kioo kimoja kimepasuka. Alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, na shemeji yake alikuwa amekwisha kumwambia, kwa upole unaochoma, kwamba kochi nalo linahitaji kupumzika. Basi siku alipomsikia mwenye nyumba za kupanga akijigamba barazani kwamba pesa zake zimelala tu, hazina pa kwenda, masikio yalimsimama.

"Mzee," alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa, "unajua watalii wanavuka bahari kuja kutazama nini?"

"Nini?"

"Chui. Na sisi tunaye hapo nyuma ya soko, anakula upepo wa bure."

Haikupita wiki, ikazaliwa Kampuni ya Utalii wa Chui, yenye muhuri wake, kiofisi cha chumba kimoja na vipeperushi vyenye picha ya chui iliyokatwa kwenye kalenda. Mpango ulikuwa mnono: mnara wa kutazamia wanyama, mahema ya kulaza wageni, duka la kofia. Hisa zilikuwa chache, tena za watu wenye upeo. Mwenye nyumba akanunua. Mwenye duka la dawa akanunua ili mwenye nyumba asimpite. Mama Bucha, mwenye kisu kikali na ulimi mkali zaidi, alisema hatoi hata senti mpaka amwone huyo chui kwa macho yake.

Darubini hakubabaika. Jioni aliwapandisha wote watatu kwenye ukingo wa machimbo na kuwakataza hata kukohoa.

"Chui hatazamwi kama ng'ombe," alinong'ona. "Anataka jicho lililosoma. Mshamba huona majani tu. Haya, pale, kushoto kwa lile jiwe... mkia huo!"

Palikuwa na jiwe, majani na mfuko wa plastiki. Mwenye nyumba alikodoa macho mpaka yakamtoka machozi.

"Namwona," alisema. Angesemaje?

"Na madoa yake makubwa!" mwenye duka la dawa akadakia.

Ndivyo walivyo vigogo wetu wa mtaani. Heri waibiwe kuliko waitwe washamba.

Mama Bucha alitazama kichaka, akawatazama wenzake, kisha akamtazama Darubini kwa muda mrefu.

"Hata mimi nimemwona," alisema. "Dume. Tena ameshiba. Ila ni chui wa nani?"

"Wa kampuni, mama. Na mkurugenzi ndiye mimi hapa."

"Mmesikia, jamani?" Wenzake wakaitikia kwamba wamesikia. "Basi fungu langu nitaleta kesho asubuhi, ofisini kwako."

Darubini alikuwa amepanga kutoroka jioni ileile, begi la hela likiwa tayari limefungwa. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Alibaki kusubiri fungu la Mama Bucha.

Asubuhi Mama Bucha alikuja kweli, akilia kwa sauti, na nyuma yake nusu ya soko pamoja na mwenyekiti wa mtaa.

"Chui wako kanimalizia mbuzi zizini!" alipiga kelele. "Wote saba!"

Fundi cherehani alikuwa amepoteza wawili. Jamaa mmoja ambaye hajawahi kufuga hata kuku alidai wanne, mmoja ana mimba.

Darubini alicheka. "Jamani, chui gani tena..." Akanyamaza, maana wanahisa wake walikuwa mlangoni.

"Chui gani?" mwenye nyumba aliuliza taratibu. "Si huyo uliyetuuzia?"

"Chagua, mwanangu," alisema mwenyekiti. "Kama chui yupo, mwenye chui alipe mbuzi. Kama hayupo, twende kituoni ukaeleze hela za watu."

Darubini aliutazama mlango. Vijana wa bucha walikuwa wameuziba kwa vifua. Moyo ulimuuma kama jino bovu, lakini alifungua begi. Mbuzi wakalipwa mmoja baada ya mwingine, hata yule wa tumboni. Na wale wanahisa, walioona hela zao wenyewe zikigawiwa, walinyamaza kimya, kwa kuwa madoa waliyaona kwa macho yao. Mwenye nyumba alionekana hata kufurahi.

"Chui wa kula mbuzi wote hao kwa usiku mmoja ni chui wa maana," alimnong'oneza Darubini. "Niongezee hisa."

Begi lilipobaki tupu na watu wakatawanyika, Darubini alimkimbilia Mama Bucha uani.

"Mama, niambie ukweli tu. Hao mbuzi saba ulikuwa nao?"

Mama Bucha alizifunga hela vizuri kwenye pindo la khanga.

"Nilikuwa nao, mwanangu," alisema, "kama wewe ulivyokuwa na chui."