Mkia Mrefu wa Jiwe la Zablon

Zablon hakuwa mwizi. Alichukua mali za watu kwa ridhaa yao, na wengi walimshukuru kabla hawajashtuka. Siku riziki ilipomjia alikuwa chumbani kwa jirani yake Gladness, mwanafunzi wa fizikia pale Dodoma, akimshikia tochi. Gladness alikuwa na jiwe alilolipaka unga ule unaong'aa gizani, na alitaka kujua mwanga wake hufifia vipi kadiri muda unavyokwenda. Alikuwa akiupima kwa simu na kuchora mstari. Mstari ulianzia juu, ukaporomoka, kisha ukajikunja na kutambaa chinichini bila kufika mwisho.

"Kwa hiyo unaisha upesi," Zablon akasema.

"Unapungua upesi. Kuisha ni habari nyingine. Kadiri unavyofifia ndivyo unavyochelewa kupungua, kwa hiyo una mkia mrefu."

Katika hesabu Zablon hakuambulia kitu, lakini mkia aliuelewa palepale. Mtu akiona nusu ya mwanga imekwenda kabla chai yake haijapoa, ataapa kwamba nusu iliyobaki itakwenda na kikombe cha pili. Na aliye tayari kuapa, kumshawishi aweke dau si kazi kubwa. Gladness alipomaliza vipimo vyake, Zablon aliliomba lile jiwe kwa adabu zote, akapewa.

Akaanzia Kizota, kwenye karakana za mafundi. Jiwe lilianikwa juani, likaingizwa kwenye chumba chenye giza, watu wakajifungia nalo. Mafundi waliona mwanga unaporomoka, wakacheka, wakaweka madau kwamba chai ya pili haitaukuta. Chai ya pili ikaukuta, na ya tatu pia, umefifia lakini upo. Zablon alitoka na mbuzi, godoro na redio, huku akiwapa pole kama mtu aliyekuja msibani.

Hapo ndipo Mama Anyesi akamwita. Huyu alikuwa na mashine ya kukamua alizeti na ghala kubwa lisilo na dirisha, na wakulima mpaka wa Mlali walimletea mizigo. Tamaa yake ilijulikana mji mzima, naye hakuona haya nayo. Alitoa pipa zima la mafuta kama dau, akataka Zablon aweke pikipiki yake, kwamba chai ya tatu ikiisha jiwe litakuwa bado linaonekana.

Zablon akasita. Pikipiki ile ndiyo mali pekee aliyoipata kwa jasho, kwa kubeba matenga ya zabibu tangu msimu hata msimu, na aliipenda kuliko alivyopenda kusema. Lakini pipa la mafuta ni pipa la mafuta. Isitoshe, Mama Anyesi hakudai makubwa. Alitaka mwamuzi mmoja, Bibi Mwanne, mzee wa Kikondoa ambaye hajawahi kusikika akisema uongo, naye akiingia aseme papo hapo anachokiona, watu wasije wakamrubuni. Zablon alikubali upesi mno.

Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma ulikuwa unapita hata ndani ya koti. Bibi Mwanne alipofika, Zablon alimwamkia shikamoo kwa magoti yote mawili. Mama Anyesi alitaka mzee aingie ndani mapema, akae pamoja nao. Zablon akalikataa jambo hilo kwa uchungu mkubwa. Mzee kama huyu akae gizani kwenye vumbi la alizeti, na baridi yote hii, sisi vijana tumelelewa wapi? Akabeba kiti mwenyewe, akakiweka penye jua kali mbele ya ukuta mweupe, akaagiza chai ya tangawizi. Bibi Mwanne akaota jua na kumwombea dua njema. Mama Anyesi hakubisha tena, na Zablon akadhani ameshamnunua mwamuzi kwa heshima.

Ndani mambo yakaenda kama mstari wa Gladness. Mwanga ukaporomoka, watu wakaguna. Kisha ukaanza kutambaa. Chai ya tatu ilipokwisha jiwe lilikuwa bado linaonekana, la kijani, limetulia. Zablon akaanza kuwaza atalibebaje pipa. Mama Anyesi akamwita mwamuzi.

Bibi Mwanne aliingia, mlango ukafungwa nyuma yake. Akasimama palepale akipapasa hewa.

"Mko wapi?" akauliza.

"Tupo hapa, bibi. Tazama mezani, taratibu. Subiri macho yazoee."

"Makubaliano ni papo hapo," Mama Anyesi akasema.

"Mjukuu wangu," Bibi Mwanne akasema kwa huruma, "nimeapa kusema ninachokiona. Jiwe silioni. Hata wewe uliyenipa chai sikuoni."

Zablon aliwageukia watu waliojaa mle ndani, kila mmoja akilitazama jiwe kwa macho yake, akawaomba ushuhuda. Mafundi waliokuwa wamepoteza redio na godoro wakashikwa na kikohozi.

Alimkabidhi Mama Anyesi ufunguo na kadi ya pikipiki. Mama, kwa vile alikuwa ameshiba, akampa kazi ya udereva kwenye pikipiki hiyohiyo, awe anawapokea wakulima barabarani na kuwaleta. Akamweleza pia, kwa majivuno, alivyomnasa, kwani alijua kwamba akitaka mzee akae ndani, Zablon atakataa. Kila mkulima anayetoka juani akiingia ghalani huwa kipofu kwa kitambo, na kitambo hicho ndicho anachokitumia yeye kuwasomea mizani apendavyo.

"Nao hawasubiri?" Zablon akauliza.

"Wana haraka ya kurudi Mlali."

Zablon alicheka pamoja naye, ingawa moyo ulikuwa unamuuma. Akafanya kazi kwa utii, siku baada ya siku, akichelewa kidogo tu huko vijijini.

Asubuhi moja Mama Anyesi alisimama mlangoni asiamini. Wakulima walikuwa wanakuja kwa mstari, wamejifunika vichwa kwa kanga na makoti, macho wameyafumba, wanashikana mikono. Wakaongozana hadi kwenye mizani, wakafumbua macho, wakaisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Walisoma vizuri sana.

Alimvuta Zablon pembeni akamuuliza ni nani aliyewafundisha upuuzi huo, na anataka nini ili anyamaze.

"Mimi sina makuu, mama," Zablon akasema. "Hawa ni wa kijiji kimoja tu. Nipe kadi ya pikipiki yangu, na vile vijiji vingine sitavifikishia neno."

Mama Anyesi akaleta kadi mbio. Zablon akaipokea kwa mikono miwili, akamuaga kwa heshima zote, akawasha pikipiki akashika njia ya Kolo asigeuke nyuma. Neno lake alilitimiza. Vile vijiji vingine hakuvifikishia lolote tena, kwa kuwa alikuwa amevimaliza vyote juma lililopita.