Jenereta Inayosikika Hadi kwa Bosire

Jumapili, 4 Mei 2025

Stima zimepotea tena! Saa saba mchana hadi saa kumi. Mke wangu Nyanchoka alikimbilia jikoni, akachemsha maji, akayatia kwenye chupa na kuzipanga ndani ya mashine yake ya kutotolea vifaranga. Ina mayai mia moja thelathini, tangu tarehe ishirini na mbili ya mwezi uliopita. Kila yai ameliandika kwa penseli, X upande huu, O upande ule, na mara tatu kwa siku huyageuza kwa mkono, moja moja. Vifaranga hawajazaliwa na tayari wana wenyewe. Akina mama kumi na mmoja wa Dorkasi, kikundi cha huduma pale kanisani kwetu kwa Wasabato, wameahidiwa kumi kila mmoja waanze ufugaji.

Tumeamua kununua jenereta. Yaani Nyanchoka ameamua. Ametoa pesa zake za chai, zile alizokuwa anaweka za mabati ya jikoni. Anataka ndogo tu, ya kuendesha mashine na balbu moja. Nimemwambia aniachie mimi. Nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai miaka sita. Mizani naijua. Muuza duka gani atanidanganya?

Jirani yetu Bosire anayo jenereta. Ya buluu, ina mpini, anaibeba kwa mkono mmoja kama mkoba wa shule. Hata ikiwaka hujui kama imewaka. Huyu ndiye waliyemchagua kuwa Mzee wa Kanisa mwaka jana, mimi nikabaki Shemasi. Sina kinyongo. Naandika tu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda Kisii mjini, dukani kwa Bwana Haresh. Mtu wa maswali mengi! Alitoa penseli nyuma ya sikio akaniuliza nataka kuendesha vitu gani. Nikamtajia. Akaandika, akajumlisha, akaongeza kidogo kwa ajili ya nguvu ya kuwashia, akapiga mstari chini. Akasema ndogo ya wati elfu moja inatosha na kubaki. Inakunywa petroli kidogo. Haina kelele.

Nikamwuliza inasikika mpaka umbali gani. Hakuelewa swali. Akanihakikishia, kwa fahari kabisa, kwamba mtu aliye chumba cha pili anaweza kulala.

Jenereta isiyosikika, nani atajua ninayo?

Pale kwenye kona ndipo nilipoiona. Nyekundu. Ina magurudumu mawili na ufunguo kama wa gari. Ubavuni imeandikwa 6500 kwa tarakimu ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Haresh akaniuliza kama nina karakana ya kuchomelea vyuma. Nikamwambia ninayo. (Mungu anisamehe. Nina nyundo.) Akaniwashia. Mteja aliyekuwa akinunua misumari aliziba masikio. Nikasema naichukua.

Haresh alinishika mkono kabla sijalipa. "Mzee Onchiri, hii hata ukiwasha balbu moja, yeye anakunywa tu. Nunua na mtungi, weka petroli ya akiba." Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Pesa za mtungi hazikubaki.

Jumanne, 6 Mei

Imefika nyumbani Ikonge kwa pikapu. Wanaume wanne waliishusha. Nikaiwasha hapo hapo kwa petroli iliyokuja nayo, stima zikiwepo. Nyanchoka alitoka na unga mikononi akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba injini mpya lazima ifanyishwe mazoezi. Ng'ombe alikata kamba akaingia kwenye migomba. Jioni alitoa maziwa nusu kikombe.

Bosire alikuja kunipa hongera. Aliizunguka mara mbili. Akauliza itaendesha nini. Nikasema mashine ya mayai na balbu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni saizi nzuri. Huko kunyamaza kumeniuma kuliko tusi.

Halafu akanishauri niwe na mtungi wa petroli kila Ijumaa kabla jua halijazama, maana Sabato ikiingia hakuna kununua. Ananifundisha mimi! Mtu ambaye mwaka juzi alinunua petroli siku ya Sabato mchana kweupe, ati alikuwa anampeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa hospitali! Nilisimama mbele ya baraza la kanisa nikalikemea jambo hilo kwa dakika ishirini. Mtoto ana miaka miwili sasa na akiniona hulia.

Nilikuwa nimepanga kununua mtungi kesho. Sinunui tena. Atafikiri ni wazo lake.

Alhamisi, 8 Mei

Nyanchoka amepima mayai leo. Amefunga mapazia, akashika tochi, akaweka yai moja moja juu ya mwanga. Mia moja kumi na nane yako hai. Aliniita nikaangalie moja. Ndani kulikuwa na weusi, na mishipa, halafu kitu kikaruka! Kimeruka kabisa, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nyanchoka alicheka kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu binti yetu Persis alipokuwa mchanga.

Nilitoka nje nikasimama. Ukweli ni kwamba machozi yalikaribia. Nikasema leo naenda kununua petroli, mtungi uwepo usiwepo.

Ndipo nikaona gari la mchungaji limeingia kwa Bosire. Nikaiwasha jenereta ili mchungaji ajue upande huu pia kuna watu. Iliunguruma saa mbili nzima. Kupitia ua nilimsikia mchungaji akiombea nyumba ile kwa kupiga kelele kama yuko sokoni Keroka.

Petroli sikununua. Muda uliisha.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya maandalio ya Sabato. Nyanchoka alinikumbusha petroli asubuhi. Nikasema ndiyo. Nilipiga pasi suti kwa jenereta. Kisha nikawatangazia majirani waje wachaji simu bure, ingawa stima zilikuwepo majumbani mwao. Walikuja kumi na wanne. Simu kumi na nne kwa mashine ya kuendesha karakana! Walipendeza sana wakiwa wamejipanga pale.

Saa tisa alinikumbusha tena. Nikaazima kibuyu cha plastiki nikashuka hadi kituo cha petroli. Njiani kila mtu alitaka habari za jenereta. Wengine hawakutaka lakini niliwapa. Nilipofika mbele ya pampu, mwuzaji akiwa ameshainua bomba, nikageuka nikaona jua limeingia nyuma ya mashamba ya chai. Ukingo wa mwisho ulimalizika nikiuangalia.

Nani alikuwa ng'ambo ya barabara na mkewe Nyakerario, wakiharakisha kwenda nyumbani na mkate wao walionunua mapema? Bosire!

Nikamwambia mwuzaji Sabato njema. Nikarudi na kibuyu kitupu.

Nyanchoka aliuliza kama nimepata. Nilisema petroli iliyomo inatosha. Nilikuwa nimechovya kijiti kwenye tangi. Kililowa urefu wa ukucha, labda ukucha na nusu.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika Sabato ikiwa imekwisha. Sitaki kuandika.

Mvua ilianza alfajiri. Saa mbili asubuhi mti uliangukia waya na stima zikaenda. Nikageuza ufunguo. Iliwaka mara moja, bonde zima likasikia! Nyanchoka aliangalia kipimajoto cha mashine ya mayai, kikakaa sawa, akanitazama kwa namna ambayo nilijiona Mzee wa Kanisa kweli. Tukaenda kanisani.

Kanisa liko ng'ambo ya bonde tu. Wakati wa lesoni ya Biblia ngurumo ile iliingia madirishani vizuri kabisa. Mgeni kutoka Tabaka aliuliza kama kuna kiwanda. Nikamnong'oneza ni yangu.

Saa tano kasoro, katikati ya hubiri, ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Nyanchoka, upande wa akina mama, aligeuza kichwa polepole akanitafuta. Akainuka na kutoka mvuani bila mwavuli. Mimi nilibaki. Nilikuwa na zamu ya kukusanya sadaka. Nilipita na kikapu kila safu, hata safu ya Nyanchoka, palipobaki pengo. Ningeweza kumpa mtu yeyote kile kikapu.

Nilipofika nyumbani alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine na chupa za maji moto. Kuni zilikuwa mbichi, maji hayachemki haraka. Aliniambia niende kituoni. Nikasema ni Sabato. Akasema, "Baba Persis, hivi vitu viko hai." Nikasema najua, lakini nilishakemea watu.

Saa sita akaja Bosire, amelowa, mkononi mtungi umejaa. Alikuwa ameununua Alhamisi.

"Shemasi, hii si kununua," akasema. "Ni kupewa. Pokea tu."

Alisema kwa upole. Hata uso wake haukuwa na ushindi wowote, na niliutafuta. Ilibaki kunyoosha mkono. Nikamwambia asante sana, Mzee, sisi tuko sawa.

Nyanchoka alikuwa nyuma yangu mlangoni.

Bosire aliondoka na mtungi wake. Nyanchoka hakunibishia mbele ya mgeni wala mgeni alipokwisha kwenda. Alirudi kwenye chupa. Saa tisa na nusu Nyakerario alipita kwenye uwazi wa ua, na wale wanawake wawili wakaibeba mashine nzima, kila mmoja upande wake, polepole kwenye utelezi, kwenda kule kwa jenereta ya buluu. Nilisogea kando ili wapite. Ndiyo kazi niliyofanya leo.

Jumapili, 11 Mei

Nyanchoka amekuwa kwa Bosire tangu asubuhi. Nimekula ndizi za jana, baridi. Nimenunua petroli. Tangi limejaa hadi shingoni. Stima zilirudi jana jioni na hazijapotea tena hata dakika moja.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya kutotolewa. Nilisimama kwenye ua tangu asubuhi, nikijifanya narekebisha miti.

Kumi na tisa.

Yale mengine Nyanchoka aliyasubiri hadi jioni, sikio karibu na kila moja. Akina mama wa Dorkasi walikuwa wamekuja na vikapu vilivyotandikwa matambara, kikapu cha vifaranga kumi kila mmoja. Aliwagawia kwa maneno tu kwanza: huyu wawili, huyu mmoja, huyu wawili. Watawachukua wakishapata nguvu. Yeye mwenyewe hakubaki na hata mmoja. Mama mzee Nyamusi aliuliza ni nini kilitokea. Nyanchoka akasema stima zilipotea. Basi. Hakunitaja.

Alirudi saa kumi na mbili na trei chafu. Nilikuwa nimeandaa maneno mchana kutwa. Nilikuwa nimeyapanga hivi: Nyanchoka, nilikosa, petroli sikununua, na ile ya Bosire ningepokea. Nikaenda hadi alipokuwa anaosha. Kwenye karai kulikuwa na ganda zima, X yake bado inasomeka. Nikafungua kinywa nikasema tatizo la ile jenereta ni tangi dogo.

Alisema, "Sawa." Akaendelea kuosha.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeirudisha jenereta kwa Haresh. Nimemweleza yote, isipokuwa sehemu zangu. Hakunicheka. Alisema atanibadilishia na ile ndogo, na kitakachobaki kitatosha mabati ya jikoni. Aliiweka juu ya meza na kuiwasha. Niliinama, nikatega sikio. Ilikuwa inapumua tu, kama mtoto.

Nilikuwa karibu. Nasema kweli, mkono ulikuwa tayari kwenye mpini! Kisha nikajiona nikiingia nayo Ikonge, ndogo kama ile ya Bosire, naye amesimama langoni, akinyamaza kidogo, halafu akisema ni saizi nzuri.

Haresh ana nyingine, ya 8500. Tangi lake ni kubwa mara moja na nusu. Pesa zinazopungua nimeahidi kulipa kwa bonasi ya chai ambayo haijafika.

Jumapili, 18 Mei

Imefika. Wanaume sita safari hii. Ng'ombe sasa analazwa kwa shemeji yangu Abner.

Nyanchoka ameweka mayai mapya. Mashine ameiacha kulekule kwa Bosire. Nilimwambia sasa tuna nguvu za kuendesha mashine ishirini. Akasema ni vizuri. Kisha akachukua penseli yake na kupita kwenye uwazi wa ua. Umekuwa njia kabisa, majani yamekanyagwa.

Saa kumi jioni. Stima zipo. Niko peke yangu uani na hakuna upepo. Vifaranga kumi na tisa wanasikika kutoka kule kana kwamba wako miguuni mwangu, na sauti ya Nyanchoka katikati yao akiwapa maji, akicheka ile sauti ndogo.

Nilisikiliza kwa muda nilioweza. Kisha nikageuza ufunguo ili nisiwasikie.

Inaunguruma vizuri sana. Bosire lazima anaisikia.