Ombi la Kumshusha Mjukuu Wangu Kutoka Ngazi ya Tatu

Waheshimiwa Watunzi wa Vijitabu vya Kusomea Nyumbani,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni kinyozi, kazi hii nimeifanya miaka thelathini. Barua hii naitamka tu. Anayeipiga chapa ni mkwe wangu, kwa sababu mkono wangu umechoka na mkasi. Ndiye huyohuyo anayechapisha vijitabu vyenu kazini kwake na kumsomesha mjukuu wangu wa miaka sita. Nimemwambia aandike na hilo, asiruke.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngazi ya kwanza ilikuwa na paka aliyekaa juu ya mkeka. Nilimsikia akikaa asubuhi, mchana na jioni kwa wiki mbili, nikavumilia kiutu uzima.

2. Ngazi ya pili, mtoto akaanza kusoma yasiyomhusu. Dawa yangu ya kikohozi nimeinywa mwaka mzima bila matata, kumbe ni ya kuchua magoti. Nani aliwatuma?

3. Hapa ndipo mliponimaliza. Kila siku wateja hukaa kwenye benchi langu nikawasomea gazeti. Juzi nawasomea habari ya waziri aliyepotea siku tatu ndani ya nyumba yake mwenyewe, watu kimya kabisa, mara mtoto akaweka kidole kwenye ukurasa akasema, Babu, hapa wameandika godoro. Jamani! Mteja mmoja aliondoka nusu ya kichwa haijanyolewa.

4. Sasa naulizwa hadi habari za zamani. Seremala alimpa mwanawe jina la nahodha niliyemsoma akifunga mabao tisa na mguu umevunjika. Anataka kujua alichezea timu gani. Kaniuliza mbele ya kijana mwenyewe, ana ndevu tayari.

Kwa hiyo naomba mtoto ashushwe, arudi kwa paka. Ikishindikana, tungeni vijitabu vya kusahau kusoma, kila siku herufi mbili zinamtoka, mpaka Ijumaa asilijue hata jina lake. Na hilo likishindikana, magazeti yote yaandikwe kama ninavyosoma mimi. Naona hilo la tatu ndilo jepesi.

Nywele zinanyolewa popote. Kwangu watu walifuata gazeti. Leo benchi ni tupu, na sioni aibu kusema linaniuma.

Wasalimieni wote hapo ofisini, mmoja mmoja, hata aliyemchora yule paka. Sina kinyongo naye.

Ni mimi, mzee wenu niliyedhulumiwa,
Kinyozi

Nyongeza: Kuna mtoto mwingine hapa nyumbani anahitaji ngazi ya kwanza, herufi ziwe kubwa. Ana miaka sitini na mmoja. Jana amesoma neno lake la kwanza, "maji", akatoka nje kidogo kufuta macho. Mwalimu wake ni mjukuu wangu. Mtumieni ngazi ya nne haraka, asije akapitwa na mwanafunzi wake.